Alberta kupiga kura Oktoba 2027: jinsi uchaguzi wa jimbo unavyoweza kugusa mpaka wa jirani

Jumatatu ya tarehe 18 Oktoba 2027, kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2024, wakazi wa jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, wanatakiwa kupiga kura kuchagua bunge la jimbo lao. Ni jimbo lenye watu takriban milioni 5, na linalotoa zaidi ya mapipa milioni 4 ya mafuta ghafi kwa siku, sehemu kubwa kabisa ya mafuta yote ya Kanada.

Msomaji wetu wa Kampala au Tunduma anaweza kuuliza uchaguzi huo unamhusu nini. Jibu fupi ni kwamba Alberta haina bahari. Mafuta yake yakitaka kwenda Asia lazima yapite katika ardhi ya jirani, jimbo la British Columbia, lenye bandari. Hadithi ya mwenye mali asiye na bandari na mwenye bandari asiye na haraka, mtu wa Kigali au Lubumbashi hahitaji kusimuliwa mara mbili. Kilicho tofauti ni kwamba majirani hawa wawili wako ndani ya nchi moja, wanatumia sarafu moja, na bado uchaguzi wa upande mmoja umewahi kusimamisha bidhaa za upande wa pili.

Sababu nyingine ni ya kindugu kidogo. Mwanasiasa aliyechaguliwa Juni 2024 kuongoza chama cha upinzani cha NDP huko Alberta, Naheed Nenshi, ni mtoto wa wazazi waliohama kutoka Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alizaliwa Toronto, akakulia Calgary, na kuanzia 2010 hadi 2021 alikuwa meya wa jiji hilo la wafanyabiashara wa mafuta. Watanzania wa Calgary wanapenda kulitaja hilo. Sisi tutalitaja na kusonga mbele, maana kwa mfanyabiashara muhimu zaidi ni namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi.

Hakuna karatasi ya kumchagua mkubwa

Wengi wetu tumezoea kumchagua rais kwa karatasi yake na mbunge kwa karatasi nyingine. Alberta hakuna kitu hicho. Mpiga kura anapewa karatasi moja tu yenye majina ya wagombea wa eneo lake, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake anakwenda bungeni, hata kama hakufika nusu. Chama chenye uwezo wa kuongoza bunge ndicho kinachounda serikali, na kiongozi wa chama hicho ndiye anayekuwa mkuu wa serikali ya jimbo. Hapa tutamwita waziri kiongozi, jina ambalo Wazanzibari walikuwa nalo hadi 2010, ingawa wa Zanzibar alikuwa akiteuliwa na Rais.

Wazee wetu walikuwa wanaujua mfumo huu. Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikiwa na waziri mkuu, Julius Nyerere. Uganda ilianza na Milton Obote kama waziri mkuu mwaka 1962. Kenya ndiyo iliyofika karibu zaidi na sura ya Kanada: uchaguzi wa Mei 1963 ulichagua Bunge la taifa, Seneti na mabaraza ya mikoa chini ya katiba ya majimbo. Katiba hiyo haikukaa. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, majimbo yalikuwa yamezikwa, na waziri mkuu akawa rais.

Jambo la kushika ni hili: katika mfumo wa bunge, serikali inaishi kwa imani ya wabunge na wala si kwa kipindi kilichoandikwa. Tarehe ya uchaguzi imewekwa kisheria, lakini waziri kiongozi anaweza kumshauri mwakilishi wa Mfalme avunje bunge mapema. Jim Prentice alifanya hivyo Alberta mwaka 2015, akaitisha uchaguzi wa tarehe 5 Mei mwaka mmoja kabla ya wakati, akitegemea kushinda. Chama chake cha Progressive Conservative kilikuwa kimetawala tangu 1971. Akashindwa vibaya. NDP ya Rachel Notley ilipata viti 54 kati ya 87 kwa takriban asilimia 41 ya kura, kwa sababu upande wa kulia uligawanyika vyama viwili. Huo ndio mchezo wa viti. Asilimia za kura zinasomwa redioni, lakini viti ndivyo vinavyotawala.

Vilevile mkuu anaweza kubadilika bila wananchi kupiga kura. Mei 2022 waziri kiongozi Jason Kenney alipata asilimia 51.4 katika kura ya imani ndani ya chama chake cha UCP, akaona hiyo haitoshi, akatangaza kung'atuka. Oktoba mwaka huo wanachama wakamchagua Danielle Smith, naye akaapishwa kuwa waziri kiongozi wakati hata kiti cha ubunge hakuwa nacho. Alikipata mwezi uliofuata katika uchaguzi mdogo wa Brooks-Medicine Hat. Mfanyabiashara aliyekuwa akihesabu miaka hadi uchaguzi wa 2023 alijikuta ana serikali yenye sera nyingine miezi saba kabla.

Kura tisa za Courtenay-Comox

Mfano unaoeleza haya yote kwa uzuri haukutokea Alberta. Ulitokea kwa jirani.

Tarehe 9 Mei 2017 British Columbia ilifanya uchaguzi wake. Bunge lilikuwa na viti 87, kwa hiyo wingi ni viti 44. Chama cha Liberal cha waziri kiongozi Christy Clark, kilichounga mkono kupanuliwa kwa bomba la mafuta la Trans Mountain, kilipata 43. NDP ya John Horgan ilipata 41. Chama cha Kijani kilipata 3. Katika eneo moja la kisiwa cha Vancouver, Courtenay-Comox, mgombea wa NDP aliongoza usiku wa uchaguzi kwa kura 9. Kura za waliopiga nje ya vituo vyao zilipohesabiwa wiki mbili baadaye, tofauti ikawa 189. Kama kiti hicho kingekwenda upande wa pili, Clark angekuwa na viti 44 na mambo yangekwisha hapo.

Hayakuisha. NDP na Chama cha Kijani waliandikiana makubaliano: Kijani kitaiunga mkono NDP kwenye kura za imani na bajeti, na serikali mpya itatumia kila njia iliyo mikononi mwake kuzuia upanuzi wa bomba. Clark alijaribu kuendelea. Tarehe 29 Juni 2017 bunge lilimwangusha kwa kura 44 dhidi ya 42. Alimwomba mwakilishi wa Malkia aitishe uchaguzi mpya. Mwakilishi huyo, Judith Guichon, alikataa na kumwita Horgan aunde serikali, akaapishwa tarehe 18 Julai. Kazi ambayo watu wengi huiona ni ya mapambo tu, siku ile iliamua nani atatawala.

Sasa tuangalie bomba lenyewe. Linatoka eneo la Edmonton, Alberta, kwenda Burnaby karibu na Vancouver, urefu wa kilomita takriban 1,150. Lilikuwa likipitisha mapipa 300,000 kwa siku na mpango ulikuwa kulifikisha 890,000. Kwa Alberta hili lilikuwa suala la bei. Mafuta yake mazito yalikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, Marekani, na mwenye mnunuzi mmoja hapangi bei. Vuli ya 2018 pipa la Alberta liliuzwa kwa pungufu ya zaidi ya dola 40 za Marekani ukilinganisha na mafuta ya aina ya WTI. Kwa British Columbia lilikuwa suala la pwani yake: meli nyingi zaidi za mafuta, hatari ya kumwagika, na faida ambayo kwa sehemu kubwa ilibaki upande wa pili wa milima.

Januari 2018 serikali ya Horgan ilitangaza nia ya kuweka kanuni za kuzuia ongezeko la mafuta mazito yanayosafirishwa ndani ya jimbo. Tarehe 6 Februari Alberta ikajibu kwa mvinyo. Rachel Notley aliiamuru taasisi ya jimbo inayosimamia vileo, ambayo ndiyo mwagizaji pekee wa pombe Alberta, isinunue tena chupa hata moja ya mvinyo wa British Columbia. Ilikuwa biashara ya takriban dola milioni 70 za Kanada kwa mwaka kwa wakulima wa zabibu wa huko, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu kuhusu bomba lolote.

Angalia hapo mambo mawili. La kwanza, Notley na Horgan walikuwa wa chama kimoja. Chama kimoja, majimbo mawili, wapiga kura tofauti. Undugu wa chama haukufua dafu mbele ya tumbo la jimbo. La pili, majimbo hayo yalikuwa na mkataba wa biashara huria kati yao tangu 2006, ulioanza kufanya kazi 2007 na kupanuliwa 2010 kuijumuisha Saskatchewan. Na Kanada nzima ilikuwa na mkataba wa biashara ya ndani ulioanza tarehe 1 Julai 2017, miezi saba tu kabla ya mvinyo kukataliwa. Karatasi zilikuwepo. British Columbia ililalamika chini ya mkataba huo wa taifa, lakini kilichomaliza zuio ni siasa: tarehe 22 Februari Horgan alisema atalipeleka swali la madaraka yake mahakamani, na Notley akaondoa zuio siku hiyo hiyo.

Mtu wa Namanga anaposoma hapa atakumbuka Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache kabla ya kulegezwa kwa masharti, lakini malori yalikuwa yamekwisha simama na gharama ilikuwa imekwisha ingia kwa mwenye mzigo. Wiki mbili za mvinyo na siku tano za mahindi zina tabia moja, kwamba hasara hailipwi na aliyetia saini amri.

Mahakama, halafu hazina

Kilichofuata kinaonyesha mahali Kanada inapotofautiana na jumuiya yetu. Katiba yao inayapa majimbo mamlaka juu ya maliasili zilizo ndani yake, lakini kinachovuka mpaka wa jimbo, yaani reli, bomba na biashara ya nje, kiko mikononi mwa serikali kuu. Mei 2019 Mahakama ya Rufani ya British Columbia, majaji watano wote kwa kauli moja, ilisema jimbo halina uwezo wa kuweka kanuni zile. Tarehe 16 Januari 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisikiliza rufaa na kuikataa siku hiyo hiyo.

Lakini biashara haikusubiri majaji. Aprili 2018 kampuni ya Kinder Morgan, mwenye bomba, ilisimamisha matumizi yasiyo ya lazima na kutoa muda hadi tarehe 31 Mei: ama ipate uhakika wa kisiasa au iondoke. Siku mbili kabla ya muda kwisha, serikali kuu ilitangaza kulinunua bomba kwa dola bilioni 4.5 za Kanada. Upanuzi, uliokadiriwa mwaka 2017 kugharimu dola bilioni 7.4, ulikamilika tarehe 1 Mei 2024 kwa gharama ya takriban bilioni 34. Si sahihi kusema tofauti yote hiyo inatokana na kura za Courtenay-Comox. Kulikuwa na kesi za jamii za wenyeji wa asili, idhini iliyofutwa na mahakama Agosti 2018 na kutolewa upya 2019, mafuriko, janga la korona na bei za ujenzi. Ila mwekezaji binafsi aliondoka kwa sababu ya siasa za jimbo, na mlipa kodi akachukua nafasi yake.

Kwa upande wetu, bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linavuka mpaka wa nchi mbili chini ya mkataba wa serikali zote mbili uliotiwa saini 2017, na Uganda ilikuwa imeichagua njia ya Tanga mwaka 2016 baada ya kuiangalia pia njia ya Lamu. Hakuna mahakama moja iliyo juu ya Kampala na Dodoma yenye nguvu kama ile ya Ottawa. Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha ipo, lakini utekelezaji wa hukumu zake unategemea hiari ya nchi wanachama. Kwa hiyo mkataba wenyewe ndio unaobeba uzito ambao kule unabebwa na katiba.

Nini hubadilika Alberta serikali ikibadilika

Ahadi za kampeni ni nyingi, vitu vinavyobadilika kweli ni vichache. Kodi ya makampuni ni kimojawapo. Ilikuwa asilimia 10, Notley akaipandisha hadi 12 mwaka 2015, Kenney akaishusha hadi 8 kufikia 2020. Huo ni mwendo wa pointi sita kwa chaguzi mbili, na mwenye kiwanda anaujua uzito wake.

Mrabaha ni kinyume chake. NDP ilipoingia 2015 makampuni ya mafuta yaliogopa kwamba kila kitu kitapinduliwa. Jopo likaundwa, na Januari 2016 ikaamuliwa kwamba muundo wa mrabaha kwenye mchanga wa mafuta ubaki kama ulivyo. Kisha serikali hiyo hiyo ya mrengo wa kushoto, bei ilipoanguka mwishoni mwa 2018, ikaamuru makampuni yapunguze uzalishaji kwa mapipa 325,000 kwa siku kuanzia Januari 2019 ili kunyanyua bei. Bei ikanyanyuka, na warithi wake wa mrengo wa kulia wakaendelea na amri hiyo hadi mwisho wa 2020. Kwa maoni yangu, anayetabiri sera ya mafuta ya Alberta kwa kusoma jina la chama atakosea mara nyingi. Asome bei ya pipa kwanza. Bajeti ya jimbo ya 2025 ilikadiria kwamba dola moja ya Marekani ikishuka kwenye bei ya pipa, hazina inapoteza takriban dola milioni 750 za Kanada kwa mwaka. Na Alberta haina kodi yake ya mauzo ya kuziba pengo hilo.

Viti vya 2027 viko wapi

Uchaguzi wa tarehe 29 Mei 2023 ulimpa Smith na UCP viti 49, NDP 38. Ukitazama kura, ilikuwa karibu asilimia 53 kwa 44. Ukitazama ramani, vijijini ni UCP, Edmonton ni NDP, na Calgary ndiyo iliyogawanyika. Eneo la Calgary-Acadia, alikoangushwa waziri wa serikali, liliamuliwa kwa kura zisizozidi 30. Ndiyo maana NDP ilimchukua meya wa zamani wa Calgary kuwa kiongozi. Yeye mwenyewe aliingia bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Juni 2025, tena kwa kiti cha Edmonton.

Sheria za mchezo nazo zimeguswa. Marekebisho ya Mei 2025 yaliruhusu tena makampuni na vyama vya wafanyakazi kuchangia vyama vya siasa, jambo lililokuwa limekatazwa tangu 2015, na yakapiga marufuku mashine za kuhesabia kura. Marekebisho hayo yalishusha pia idadi ya sahihi zinazohitajika kuomba kura ya maoni, na walioanza kuitumia nafasi hiyo ni pamoja na wanaotaka Alberta ijitenge na Kanada. Hilo linahitaji makala yake.

Kwa bomba, hesabu mpya ilianza tarehe 27 Novemba 2025, Waziri Mkuu wa Kanada Mark Carney na Smith walipotia saini hati ya maelewano inayotazamia bomba jingine, la angalau mapipa milioni moja kwa siku, kwenda pwani ya British Columbia kwa ajili ya soko la Asia. Waziri mmoja wa Carney, Steven Guilbeault, alijiuzulu siku hiyo. Waziri kiongozi wa British Columbia, David Eby, alilipinga na kutaka sheria ya 2019 inayozuia meli kubwa za mafuta kwenye pwani ya kaskazini iachwe mahali pake. Huyu naye ana NDP yake iliyoshinda Oktoba 2024 kwa viti 47 kati ya 93, wingi wa kiti kimoja, na kiti cha mwisho, Surrey-Guildford, kiliamuliwa kwa kura 22 baada ya kuhesabiwa upya mbele ya jaji.

Kwa hiyo anayefuatilia aweke alama kwenye tarehe kadhaa. Bajeti ya Alberta husomwa Februari, na kura ya bajeti ni kura ya imani. Kampeni ya Alberta huchukua siku 28. Usiku wa uchaguzi asiishie kwenye jumla ya kura. Aangalie idadi ya viti vya wingi na maeneo yaliyo chini ya kura 100, kwa kuwa hesabu kamili huja siku kadhaa baadaye. Na upande wa bandari, British Columbia, sheria inaweka uchaguzi wake tarehe 21 Oktoba 2028, isipokuwa kama bunge litavunjwa au serikali itaangushwa kabla.